Mkistaafu Mkasafiri, Mlale Wapi?

Huku kwetu Kyela mtu akikutana nawe asubuhi hukuamkia kwa neno "Ugonile", na mkiwa wengi, au ukiwa mtu wa heshima, husema "Mugonile". Kwa Kinyakyusa anauliza kama mmelala. Wazee waliotuachia salamu hiyo walijua jambo. Aliyelala vibaya, hata akiamkia chai na maandazi, siku yake imekwisha kuharibika. Kijana hulipa deni la usingizi usiku unaofuata. Mtu wa miaka 60 mwenye shinikizo la damu, akikosa usingizi siku tatu mfululizo, aweza kujikuta wodini.

Ndiyo maana mwezi huu tumependa kuzungumza na akina baba na akina mama waliostaafu, au wanaokaribia kustaafu, juu ya jambo lisilosemwa sana makanisani: mkipata nafasi ya kusafiri wawili kuitembelea nchi yenu, mlale wapi? Mtumishi wa umma hapa Tanzania aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Wengi hufika hapo bila kusafiri kokote isipokuwa kwa uhamisho, msiba au harusi. Husema, "Tukistaafu tutatembea." Kisha kiinua mgongo kinakuja, na nyuma yake zinakuja bati za nyumba ya mtoto, karo ya mjukuu na michango ya kila namna. Miaka miwili baadaye magoti yanakataa. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi na kuhudumu kanisani tumekaa na wajane ambao hawalii kwa ajili ya fedha. Wanalilia safari ile waliyoiahirisha na marehemu mpaka akaondoka.

Basi msiahirishe. Lakini msitoke pia kama watoto wa shule walio likizoni. Chagueni malazi kwanza, nauli itafuata.

Kaeni siku nyingi mahali pachache

Kosa linalowachosha wazee wengi ni kutaka kuona kila kitu. Leo wako Mbeya, kesho Kyela, kesho kutwa wako melini. Kila siku ni kufunga mizigo, kugombea kiti kwenye kosta na kutafuta chumba jioni huku giza likiingia.

Kule Ufaransa wastaafu wana desturi nzuri ya kuiga. Nyumba ya kwanza ya kijijini ya kukodisha kwa wageni, waiitayo gîte, ilifunguliwa mwaka 1951, na mwaka 1955 wenye nyumba hizo wakaunda shirikisho lao. Familia ya wakulima ilitengeneza nyumba isiyotumika, ikaweka vitanda na jiko, ikapokea wageni kwa wiki nzima. Mgeni hupika mwenyewe, hununua mboga kwa jirani, na kila siku hutembelea kijiji kimoja cha karibu kisha hurudi kulala kitanda kile kile. Mwenye nyumba hupata kipato, na mgeni hupata pumziko.

Huku kwetu kanuni ni hiyo hiyo. Mwenye wiki tatu asichague zaidi ya vituo vinne. Mkilala mahali pamoja siku tano au saba mnafahamiana na jirani, mnajua duka la dawa liko wapi, na mnaweza kumwomba msimamizi awapunguzie bei kwa sababu chumba chake hakitakaa wazi wiki nzima.

Chumba cha Mshunami

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, tunasoma habari za mama wa Shunemu aliyeona nabii Elisha akipita mara kwa mara. Alizungumza na mumewe, wakamtengenezea mgeni chumba kidogo, wakaweka vitu vinne: kitanda, meza, kiti na taa. Sisi hupenda kukitumia chumba hicho kama kipimo, maana mama yule alifikiri kama muuguzi.

Kitanda kiwe cha kimo ambacho mzee akikaa miguu inagusa sakafu. Kitanda kilicho chini mno humfanya mwenye magoti mabovu ashindwe kuinuka usiku. Meza ni ya kuwekea dawa, maji ya kunywa na miwani, ili asipapase gizani. Kiti kinahitajika kwa sababu mzee huvaa viatu na suruali akiwa ameketi. Akivaa kwa kusimama na mguu mmoja, ndipo huanguka na kuvunjika nyonga. Taa iwe karibu na kitanda. Umeme hukatika, basi tochi iwe chini ya mto.

Kwa pwani ya Ziwa Nyasa tunaongeza vitu vitatu ambavyo Mshunami hakuvihitaji. Cha kwanza ni chandarua chenye dawa, kisichotoboka, kinachofika chini ya godoro. Cha pili ni choo. Ulizeni kama ni cha kuchuchumaa au cha kukaa, kama kiko ndani au nje, na kama kuna ngazi za kushuka. Mama anayeamka mara tatu usiku kwa haja ndogo hawezi kuvuka uwanja wenye matope. Cha tatu ni ukimya. Kabla ya kulipa, tokeni nje mtazame majirani. Kama ukuta wa pili ni wa baa, Ijumaa na Jumamosi hamtalala.

Mama asione haya kuomba kuonyeshwa chumba kabla ya kulipa. Mfungulie bomba la maji, kaa juu ya kitanda, vuta chandarua, jaribu komeo la mlango. Msimamizi mwema hatakasirika.

Kwa ndugu au kwa kulipia?

Hapa ndipo mabishano ya baba na mama huanzia. Baba husema, "Tuna mpwa wangu Kyela, ana nyumba kubwa, kwa nini tulipe?" Mama hunyamaza, maana anajua kitakachotokea.

Tunawakumbuka mume na mke waliotoka nyanda za juu, wote wawili walimu wastaafu, waliofikia kwa jamaa yao bondeni. Walipokelewa kwa furaha, wakachinjiwa kuku. Asubuhi mama akaona mke wa nyumba anahangaika na kuni peke yake. Angekaaje? Akajifunga kanga, akaingia jikoni. Siku ya pili wakaja ndugu wengine kusalimia, kukawa na sufuria mbili za wali. Siku ya tatu kukawa na msiba wa jirani, naye akaenda kupika huko. Vidonge vyake vya shinikizo la damu alivisahau ndani ya mkoba siku zote tatu. Alipofika kupimwa, kichwa kikimgonga, akatuambia kwa utani, "Nimestaafu kazi ya serikali. Ya jikoni bado sijapewa barua." Tulicheka naye, lakini kipimo hakikuwa cha kuchekesha.

Mume wake alikuwa mtu mwema, ila jambo hilo hakuliona. Yeye alikuwa amekaa uani na wazee wenzake, anapumzika kweli kweli. Alipoambiwa wahame, alisema itakuwa matusi kwa jamaa. Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyemsaidia kwa kumkumbusha nyumba ya Bethania, katika Luka 10, ambako Martha alielemewa na kazi hata akalalamika mbele ya Bwana. Akamwuliza, "Baba, umemleta mkeo apumzike au umemleta awe Martha?" Siku iliyofuata walihamia kwenye hosteli ya kanisa, na jamaa hawakuudhika, kwa sababu waliendelea kwenda kula chakula cha mchana kwao na kusali pamoja nao.

Njia hiyo tunaisifu: kuleni kwa ndugu, laleni pa kulipia. Waelezeni mapema, tena baba mwenyewe aseme, kwamba daktari ameagiza mapumziko. Mnapoenda msiende mikono mitupu. Sukari, sabuni, majani ya chai na kitenge kwa mama wa nyumba vinatosha. Ila mchele msibebe, maana kuuleta mchele Kyela ni kupeleka samaki ziwani.

Wanaokwenda kukaa kwa mtoto wa kiume aliyeoa wafikirie jambo jingine tena. Kwa mila za Wanyakyusa mkamwana alitakiwa kumwepuka baba mkwe wake: asikutane naye ana kwa ana wala kulitaja jina lake. Siku hizi vijana wengi wameacha, na sisi Wakristo tumefundishwa kuishi kwa uhuru wa upendo. Hata hivyo wapo wazee na wakwe ambao mioyo yao bado haitulii wakitumia choo kimoja na ukumbi mmoja. Baba hujifungia chumbani, mkamwana hupita mlango wa nyuma. Heshima ya namna hiyo ni bora ilindwe kwa kulala mahali tofauti.

Hesabu ya kitanda na sahani

Tuseme mmetenga shilingi 1,200,000 kwa siku 24, nanyi ni wawili. Kwanza toeni 200,000 mfunge mahali pake kwa ajili ya ugonjwa au kurudi ghafla. Hiyo isiguswe. Toeni nauli, tuseme 280,000. Zimebaki 720,000, yaani 30,000 kwa siku kwa kulala na kula. Mkichukua chumba cha 25,000, mtabaki na 5,000 za kula watu wawili siku nzima, nanyi mtashindia chai na mkate. Mkichukua cha 15,000, mna 15,000 za chakula, matunda na maji safi. Bei hubadilika kila mwaka na kila mji, kwa hiyo fanyeni hesabu na bei mtakazoambiwa. Kanuni yetu ni hii: kitanda kisile zaidi ya nusu ya fedha ya siku.

Wapo wanaosema mtu aliyetumikia taifa miaka 35 anastahili hoteli ya kifahari. Kama fedha ipo, alale, ni jasho lake. Lakini tusilale ghali kwa ajili ya kuonekana, kisha tukarudi nyumbani kukopa. Aliyestaafu hana mshahara wa mwezi ujao wa kuziba pengo.

Tukuyu kwanza

Anayetoka Mbeya kushuka ziwani atapita Tukuyu, mji ulio kwenye kimo cha mita zipatazo 1,500. Ziwa liko chini sana, mita zipatazo 475 tu juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo katika mwendo mfupi wa gari mtashuka zaidi ya mita 1,000, mkitoka kwenye ukungu na migomba na kuingia kwenye joto la mashamba ya mpunga na kakao. Kwa mwili wa mzee hilo si jambo dogo. Tunashauri kulala Tukuyu siku mbili au tatu.

Kuna nyumba za wageni za mjini na za makanisa, maana eneo hili ni la misheni tangu zamani. Wamoravian walifungua kituo chao Rungwe mwaka 1891, na mwaka huo huo Misheni ya Berlin ikaanza kazi ya Kilutheri upande wa kusini. Leo Dayosisi ya Konde ya KKKT ina makao yake Tukuyu. Chukueni sweta na soksi, hasa Juni na Julai, na mwombe blanketi la pili. Kwa mchana mmoja mnaweza kwenda kuona Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, na siku nyingine ziwa la Masoko lililo ndani ya shimo la volkano. Ziwa Ngosi ni zuri sana, lakini njia yake ni ya kupanda kwa miguu msituni na huteleza. Mwenye magoti au moyo dhaifu aliache, asikilize simulizi za wenzake. Hospitali ya wilaya, Makandana, iko mjini hapo hapo.

Mji wa Kyela

Mji wetu wa Kyela, pamoja na mtaa huu wa Mbugani, ni mahali pa kulala usiku mmoja au miwili. Mna faida tatu hapa: hospitali ya wilaya iko karibu, mabasi ya Mbeya ni mengi, na soko lina mchele, ndizi, mafuta ya mawese na samaki wa kila aina. Hasara ni joto na kelele za stendi. Chagueni chumba chenye madirisha mawili yanayopitisha hewa na wavu wa mbu, na chenye feni kama mwaweza. Usichukue chumba kilicho chini ya bati tupu bila dari, maana jua la mchana hubaki humo mpaka usiku wa manane.

Angalieni pia majira. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na mwezi wa Machi na Aprili bonde huweza kujaa maji. Miezi mizuri kwa wazee ni kuanzia Juni hadi Oktoba.

Matema, mahali pa kukaa wiki

Mkituuliza ni wapi pa kukaa siku nyingi, tutawaelekeza Matema. Barabara ya lami hutoka Kikusya kupitia Ipinda hadi huko, mwendo wa kilometa 39. Milima ya Livingstone huinuka ghafla kutoka majini, na ufuo ni wa mchanga. Kuna nyumba ya wageni ya Walutheri kando ya ziwa, na nyumba nyingine za kulipia za watu binafsi. Kinachotuvuta sisi wauguzi zaidi ya mandhari ni kwamba Matema ina hospitali ya Kilutheri. Mzee mwenye kisukari anaweza kukaa kando ya maji akijua kwamba daktari hayuko mbali.

Kwenye nyumba za kanisa pigeni simu mapema, semeni umri wenu, ombeni chumba cha chini kisicho na ngazi na kilicho karibu na choo. Ulizeni kama kuna jiko mnaloweza kutumia au mama wa kuwapikia. Pombe haziruhusiwi mahali pengi, na wengine huwa na sala za asubuhi. Kwa Mkristo hilo ni zawadi.

Siku ya Jumamosi nendeni Lyulilo, kijiji jirani, kwenye soko la vyungu. Mama wa Kikisi huleta kazi ya mikono yao, wengine wakija kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Vyungu hivyo vimejulikana sehemu nyingi za kusini kwa vizazi vingi. Nunueni kimoja, si kwa mapambo tu. Tutaeleza hapa chini kwa nini.

Dawa, mbu na maji

Bebeni dawa za siku zote za safari na za wiki mbili zaidi, mzigawe katika mikoba miwili, ili mmoja ukipotea mwingine ubaki. Chukueni cheti cha kliniki na kadi ya bima, na mkifika kila kituo ulizeni ni hospitali ipi inapokea kadi hiyo. Ndani ya gari, kila saa mbili simameni na kunyoosha miguu, kwa maana damu huganda miguuni mwa mtu aliyekaa muda mrefu.

Anayetumia insulini ajue kwamba chupa iliyofunguliwa kwa kawaida huweza kukaa nje ya jokofu kwa wiki zipatazo 4, ikiwa joto halizidi nyuzi 25 hadi 30. Asome karatasi yake. Kyela hupita joto hilo mara nyingi. Kama chumba hakina jokofu, chungu cha udongo kitasaidia. Weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, umwagie maji asubuhi na jioni, weka insulini ndani ya chungu kidogo ikiwa kwenye mfuko mkavu, funika na kitambaa chenye unyevu, kaa nacho kivulini penye upepo. Maji yakikauka hupoza. Usiweke insulini kamwe mahali inapoweza kuganda.

Wanaotoka penye baridi kama Makete, Njombe au Mbeya hawana kinga ya malaria waliyo nayo wenyeji wa bondeni. Ingieni ndani ya chandarua mapema, vaeni mikono mirefu jioni. Homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo, na hata mkisharudi nyumbani, homa ya wiki chache baadaye mwelezeni muuguzi kwamba mlikuwa ziwani.

Kuhusu kuoga ziwani, tunasema ukweli ambao wenye nyumba za wageni hawapendi kuusema. Ziwa Nyasa lina kichocho katika sehemu nyingi za pwani. Hatari ni kubwa zaidi penye maji yaliyotulia, penye majani, karibu na vijiji na midomo ya mito. Huko huko midomoni mwa mito kuna mamba na viboko pia. Mwenye kutaka usalama kamili akae mchangani, aogee bafuni maji yaliyochotwa na kuwekwa siku mbili au yaliyochemshwa. Aliyeingia majini akapimwe miezi miwili au mitatu baadaye, hata kama hana dalili. Dawa ya prazikwanteli hutibu. Mama akiona damu kwenye mkojo asidhani ni uzee.

Kupanda meli au kutopanda

Wengine hutamani kuendelea kwa meli kutoka bandari za Kyela hadi Mbamba Bay. MV Mbeya II, iliyojengwa hapa Itungi na kuanza kazi mwaka 2021, iliundwa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Ratiba iulizwe bandarini, na msipange harusi ya mtu siku ya kufika. Upepo wa kusini huvuma kwa nguvu kati ya Mei na Agosti na mawimbi huwa makubwa. Kwa wazee Septemba na Oktoba ni bora. Aliyepata kiharusi au kufanyiwa upasuaji miezi ya karibuni azungumze kwanza na daktari, maana kati ya bandari moja na nyingine hakuna hospitali.

Njiani iko Liuli, yenye hospitali ya Kanisa la Anglikana. Wajerumani waliiita Sphinxhafen, na Agosti 1914 meli ya Waingereza iliishambulia meli yao ikiwa imepandishwa nchi kavu hapo kwa matengenezo. Kutoka Mbamba Bay mnaweza kupanda gari hadi Mbinga na Songea, na kumalizia Peramiho, kilometa zipatazo 25 kutoka Songea. Watawa wa Kibenediktini wako hapo tangu 1898, na kanuni ya Mtakatifu Benedikto huwaagiza wampokee mgeni kama Kristo mwenyewe. Sisi si wa dhehebu lao wote, lakini kwa mzee aliyechoka na mawimbi, nyumba yenye ukimya na hospitali mlangoni ni mahali pazuri pa kupumzika.

Mama aliye peke yake

Mjane naye asifikiri kwamba safari zilizikwa pamoja na mumewe. Atafute mwenzake mmoja, wachange chumba chenye vitanda viwili. Wachague nyumba inayosimamiwa na mama au na kanisa, wafike kabla ya saa kumi na moja jioni, na kila wahamapo wamjulishe mtoto mmoja nyumbani jina la mahali. Fedha zisikae mahali pamoja.

Neno kwa sisi wenyeji

Akina mama wa Kyela, Ipinda na Matema, nasi tuna la kufanya. Wapo miongoni mwetu wenye chumba kilichobaki wazi baada ya watoto kuolewa. Tukikisafisha, tukatia dari, chandarua kipya, kiti na taa, tukajiandikisha kama sheria inavyotaka, tunaweza kupokea wastaafu kwa wiki nzima na kupata karo ya wajukuu. Wafaransa walianza hivyo hivyo na nyumba za kijijini.

Nanyi akina baba, jioni ya leo muulizeni mama swali moja: "Ungependa tulale wapi?" Mama huyo ametandika vitanda vya wageni miaka 40. Msikilizeni bila kumkatisha. Akisema Matema, akisema Peramiho, akisema kwa dada yake aliyeachana naye tangu shule, andikeni kwenye karatasi, mweke tarehe. Bwana awape nguvu ya kufika, na kila asubuhi atakayewaamkia kwa "Mugonile" aone usoni mwenu kwamba mmelala.